Geji Iliyokaa Nje ya Kioo

Vijana wangu wa gereji, mmeniandama tangu siku ile mliponiaga kwa soda na keki iliyochorwa spana. "Andika, fundi Kalisti, andika kabla hujasahau." Nani kawaambia nasahau? Nakumbuka kila bolti iliyowahi kuniteleza mkononi, na nyingine tukikutana barabarani tunasalimiana. Ila nimestaafu, mgongo umeninyima ruhusa ya kulala chini ya magari, na mke wangu amechoka kuniona nikifungua na kufunga bomba la jikoni. Basi naandika.

Anayetafuta habari za nani alipandishwa cheo asome ya wengine. Katika gereji yetu pale Majengo vyeo vilikuwa viwili tu: fundi, na anayeshika tochi.

Niliingia pale katikati ya miaka ya themanini, wakati spea zilikuwa adimu kuliko mvua ya Januari. Gasketi tulizikata kwenye maboksi. Mwenye gereji alikuwa Mzee Athumani, mtoto wa Majengo kindakindaki, mwenye kofia nyeupe ambayo kwa miaka yote niliyokaa naye haikupata hata tone moja la grisi, na mpaka leo sijui alifanyaje. Siku ya kwanza alinipa kipande cha mpira wa mafuta, akaniambia ncha moja niitie sikioni, nyingine niizungushe kwenye injini ya lori lililokuwa linanguruma.

"Unasikia nini?"

"Nasikia kelele, mzee."

"Nenda nyumbani. Rudi kesho."

Kesho yake nikarudi. Mpira uleule, lori lilelile.

"Unasikia nini?"

"Kelele, mzee. Lakini leo ziko za aina mbili."

"Haya, vaa ovaroli."

Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya ajira.

Jioni nilikuwa nakwenda kusoma. Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu, na mara mbili wageni waliingia darasani wakanipa shikamoo mimi wakamwacha yeye. Somo lililonikaa kichwani ni la presha. Mwalimu alitoboa kopo matundu matatu, moja juu ya jingine, akalijaza maji. Tundu la chini likarusha maji mbali kuliko mengine. Kesho yake nikalitoboa kopo la Mzee Athumani la chai nimwonyeshe. Alitazama mpaka chai ikaisha. "Hii nimeishi nayo miaka yote," akasema, "sikujua tu kwamba ina shule." Kisha akanidai kopo jipya.

Halafu biashara zikafunguliwa, na magari yaliyotumika ya Kijapani yakaanza kupanda kutoka bandarini kama siafu. Hayakuwa na kabureta. Mzee Athumani alifungua boneti ya la kwanza, akasimama kama mtu aliyerudi kwake akakuta mlango umehamishiwa upande wa pili. Mafuta sasa yalisukumwa na pampu ya umeme iliyojificha ndani ya tangi, yakaja mbele kwa nguvu, yakapuliziwa injini kwa nozeli. Mpira wa sikioni ukawa unatuambia nusu ya habari. Nusu nyingine ilikuwa presha, na presha haina sauti.

Ndipo nikaenda Himo kutafuta geji. Sizungumzii geji ya kwenye dashibodi inayoonyesha mafuta yamebaki kiasi gani. Hii ni geji ya presha, ya kimakanika, haina waya wala taa. Mafuta yenyewe yanaingia ndani yake na kusukuma mshale. Muuza spea pale njia panda aliniapia kwamba ilitoka kwenye ndege. Nikamwambia kwa bei yake basi na rubani alikuwa ndani. Tulipofika nayo Majengo tuliipeleka kwa jirani mwenye kompresa ya kujazia matairi, tukaipima sambamba na geji yake. Zikasema neno moja. Mzee Athumani akaipangusa kwa ncha ya shuka lake la kuswalia, heshima ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kupewa.

Lakini kuna sheria aliyoitoa siku ileile, na nyinyi mnaofunga mapambo ya kila namna ndani ya magari muisome mara mbili. Nilitaka kuipitisha geji ndani, niifunge karibu na usukani, ipendeze. Akanishika mkono.

"Kalisti, ndani ya huu mpira mna nini?"

"Petroli."

"Ina presha, haina?"

"Inayo."

"Ukipasuka ndani, na dereva anavuta sigara?"

Nikaurudisha mpira nje.

"Mafuta yakae upande wao wa kioo, na wewe ukae upande wako. Mtaonana tu."

Basi geji yetu siku zote ilikaa nje, chini ya kioo cha mbele, imefungwa kwenye waipa kwa vipande vya mpira wa tairi la ndani, uso wake umemgeukia dereva. Watu wa mjini walidhani ni saa.

Sasa niwaambie habari ya Mama Anande.

Alikuwa mjane wa Machame, mwenye watoto wawili sekondari, na stesheni wagon moja ya kijivu aliyoinunua baada ya mumewe kufariki. Kazi yake ilikuwa maziwa. Kila asubuhi alitoka kwenye kihamba chao, shamba la ukoo la migomba na kahawa ambamo pia ndimo mumewe alizikwa, akapanda mlima akikusanya maziwa kwa akina mama wenye ng'ombe mmojammoja, kisha akashuka nayo mpaka kwenye hoteli za Moshi. Gari lilikuwa linakata moto palepale kila mara, kwenye mpando mkali unaoanzia getini kwao, pembeni ya kaburi la marehemu lililozungushiwa masale, ile mimea ya heshima ya Wachaga. Yule mama alikuwa anakaa kando ya barabara, maziwa yanachacha huko juu kwa akina mama, hoteli zinamsubiri. Kisha gari linawaka lenyewe kama halikufanya kitu.

"Fundi, limewahi kufika kwa mafundi watatu," aliniambia pale Majengo, amesimama wima, mkoba kifuani. "Wote wanasema halina kitu. Na kweli hapa mjini halina kitu. Hata mafuta halili. Gari hili linakunywa kama ndege. Ndilo jambo jema pekee lililo nalo."

Nikacheka. Nikamwambia gari la namna hiyo ningelioa.

Yeye hakucheka. "Jumapili baada ya ibada wanakaa kikao cha ukoo. Shemeji yangu Godlisten anasema marehemu amekataa gari, kwa sababu nililileta nyumbani bila kulitambulisha. Wanataka liuzwe. Likiuzwa, maziwa yamekwisha. Maziwa yakiisha, narudi kwetu Kibosho na wanangu tunaishi kwa kaka yangu kama mizigo. Leo ni Alhamisi, fundi."

Mzee Athumani, aliyekuwa anajifanya anasafisha plagi, akasema bila kuinua kichwa: "Kalisti. Chukua geji. Nenda ukalale mlimani."

Nikaifunga kesho yake, palepale gereji, na nawaeleza nilivyofanya kwa sababu nimeona mnavyofanya nyinyi, na Mungu ni mwema sana kwenu. Kwanza punguza presha: chomoa fyuzi ya pampu, washa injini, iache ingurume mpaka izime yenyewe kwa njaa. Kisha toa waya wa betri. Weka ndoo ya mchanga karibu. Fungua mpira kati ya chujio la mafuta na nozeli, zungushia kitambaa, kwa maana yapo mafuta yatakayobaki na yatakutemea usoni. Hapo katikati weka tii ya shaba: pande mbili mafuta yanapita kwenda zake, upande wa tatu unakwenda kwenye geji. Tumia mpira wa petroli wenye nyuzi ndani, usitumie ule wa kumwagilia bustani, hata kama muuzaji ni shemeji yako. Ile tepu nyeupe ya mafundi bomba usiiguse; vipande vyake vitasafiri mpaka kwenye nozeli na kukaa huko kama wapangaji wasiolipa. Kaza klipu, upitishe mpira mbali na ekzosi na feni, rudisha fyuzi na betri, washa swichi bila kuwasha injini, upitishe karatasi kavu kwenye kila kiungo. Ikilowa hata ukubwa wa punje ya ulezi, anza upya.

Yetu haikulowa. Injini ilipowaka, mshale ukapanda mpaka paundi thelathini na sita ukatulia kama askari wa lindo. Tukazunguka Moshi yote, haukutikisika. Mama Anande akanitazama kama nimemuuzia saa mbovu.

"Mlimani, mama," nikamwambia. "Ugonjwa wake ni wa mlimani. Tuufuate huko."

Jumamosi asubuhi nilikuwa Machame. Baba mkwe wake, Mzee Eliakimu, alikuwa amekaa nje ya banda la mashine yake ya kumenyea kahawa, koti limefungwa vifungo vyote, fimbo katikati ya magoti. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba na kuniuliza habari za mjini, za mvua, za wazazi wangu wote walio hai na waliokufa. Godlisten alikuja mbio kutoka shambani akiwa na kidumu cha mbege, pombe yetu ya ndizi. Si mtu mbaya, Godlisten. Alimpenda kaka yake, na hofu yake ilikuwa ya kweli. Akaingia kiti cha nyuma bila kualikwa.

"Na hiyo ni ya nini, shemeji?" Mama Anande akauliza.

"Likizima, namwagia kaka. Nyinyi fanyeni ya saa yenu, mimi nafanya ya nyumbani."

Tukaanza kupanda. Mimi macho kwenye geji nje ya kioo. Thelathini na sita. Thelathini na sita. Mpando ukakaza, mama akaingiza gia ya kwanza, na mshale ukaanza kushuka taratibu, kama mzee anayekaa kwenye kigoda. Thelathini. Ishirini na mbili. Kumi na tano. Gari likakohoa, likafa. Nikageuka: masale haya hapa, kaburi lile pale. Nywele za shingo yangu zilisimama, sidanganyi, na mimi ni mtu wa fizikia.

Godlisten alikwisha kushuka. Akamwaga mbege chini ya masale, akanong'ona, akarudi. Mama akawasha swichi. Mshale ukaruka mpaka thelathini na sita, injini ikanguruma.

"Umeona?" Godlisten akapiga kiti changu kwa nyuma. "Umeona, fundi? Hata saa yako imeona!"

Aisee, vijana! Geji yangu mwenyewe ilikuwa imesimama upande wa pombe. Nikakumbuka mpira wa sikioni: ukisikia kelele moja, rudi kesho.

"Godlisten," nikamwambia, "tushuke tuanze upya. Safari hii mwagia kabla hatujapanda. Mwambie marehemu yote. Mtambulishe gari, mimi, geji, na muuza spea wa Himo. Usibakize."

Akaona ni haki. Tukashuka getini, akaenda kwa miguu mpaka kaburini, akamwagia kwa adabu zote, akarudi. Tukapanda. Thelathini na sita, thelathini, ishirini, kumi na tano. Kimya. Palepale.

Godlisten akanusa kidumu chake muda mrefu. "Labda haijaiva vizuri," akasema, lakini kwa sauti ya chini.

"Sasa tukae," nikasema. "Asimwage mtu, asiombe mtu." Tukakaa mpaka mjusi akapanda juu ya boneti. Mama akawasha swichi. Mshale ukapanda wenyewe. Hapo nikajua. Gari linapoinama nyuma kuna kitu kinateleza ndani ya tangi na kuziba mdomo wa pampu. Injini ikizimika pampu inaacha kuvuta, kile kitu kinajiachia. Haliombewi, linapumzishwa.

Tukarudi nyumbani, nikainua kiti cha nyuma, nikafungua mfuniko wa tangi, nikaivuta pampu. Chujio lake dogo lilikuwa limevaa sweta. Nyuzi za kahawia, ndefu, zimejisokota pande zote. Nikazichambua kwenye kiganja. Mchaga yeyote anazijua: nyuzi za ganda kavu la mgomba.

Mama Anande alizitazama, rangi ikamtoka. "Nani anaingia kwenye tangi langu?"

"Usiniangalie mimi!" Godlisten akasema.

"Nimwangalie nani? Nani anataka gari liuzwe?"

"Mimi? Mimi nitie takataka kwenye gari la watoto wa kaka? Shemeji, rudisha hilo neno!"

"Silirudishi mpaka unionyeshe mwingine!"

Wanawake wa jirani wakaanza kutokeza kwenye migomba. Nikaona kikao cha kesho kitakavyokuwa, na kwamba safari hii hakitauza gari tu, kitavunja na nyumba. Nikaomba maji ya kunawa. Mzee Eliakimu akanielekeza kwa fimbo ndani ya banda.

Mashine ya kahawa ilikuwa imefunikwa na utando wa buibui. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, na mashine haikuwa imewaka muda mrefu. Nikagonga kitangi chake cha petroli kikalia kama ngoma tupu. Lakini pembeni yake palikuwa na dumu la njano, nusu yake petroli mbichi inayonuka. Kifuniko chake kilipotea zamani. Shingo ilikuwa imezibwa kama tunavyoziba vibuyu vyote huku kwetu, kwa ganda kavu la mgomba lililosokotwa, na kila lilipochomolewa liliacha nyuzi zake mdomoni mwa dumu. Nikakumbuka lile gari linalokunywa kama ndege.

Nikasikia fimbo nyuma yangu.

"Umeyaona maji?" Mzee Eliakimu akauliza.

"Nimeyaona, mzee."

Akakaa juu ya gunia. Kule nje walikuwa wanarushiana maneno.

"Siku za soko Bomang'ombe nanunua petroli kidogo," akasema. "Akilala mchana natia tangini mwake. Yule mama hajui kuomba, fundi. Na mimi sijui kutoa mbele za watu. Wanangu wengine watasema nampendelea mkamwana." Akaligusa dumu kwa ncha ya fimbo. "Kumbe mimi ndiye ninayelizima."

"Si wewe, mzee. Ni kizibo."

"Usimwambie. Atanikataza nisiendelee."

"Maadamu upo hai, mzee, sitamwambia."

Nikatoka. Nikasimama katikati ya Mama Anande na Godlisten, nikainua zile nyuzi juu wazione wote hadi wale wa kwenye migomba, nikatoa hotuba. Nikasema gari linalala chini ya migomba, mfuniko wa tangi umelegea, na upepo wa Machame ni upepo gani huu mnaoishi nao! Nikasema niliwahi kutoa kuku mzima ndani ya chujio la hewa la gari la Machame, na kuku alikuwa na mayai. Mzee mmoja akathibitisha kwamba upepo wa mwaka ule ulichukua hata shuka la mchungaji. Ninyi mnacheka, lakini uongo wenye kuku huaminika kuliko ukweli mwembamba.

Nikasafisha tangi, nikaosha chujio, nikarudisha kila kitu. Tukapanda watatu wale wale. Mshale ukafika pale kwenye masale ukiwa thelathini na sita, ukapita ukiwa thelathini na sita, na Mama Anande hakupumua mpaka tulipofika juu kabisa, ambako barabara inalala na unaiona Moshi yote chini. Akazima injini, akaweka paji la uso kwenye usukani.

Godlisten akainua kidumu. "Sasa hii nifanyie nini?"

"Ulimwambia marehemu habari zangu mara ngapi?" Mama Anande akauliza bila kuinua kichwa.

"Mara mbili. Na nilikusema vizuri, shemeji. Nilisema unafanya kazi."

Hapo akainua kichwa, akacheka na kulia kwa pamoja. "Basi mpe fundi anywe. Neno langu nimelirudisha."

Nikanywa. Ilikuwa imeiva vizuri sana. Kesho yake kwenye kikao Godlisten ndiye aliyesimama kusema gari lisiuzwe, na nikaambiwa alieleza mambo ya presha kwa muda mrefu kuliko mahubiri ya asubuhi.

Wiki iliyofuata nilipanda tena, nikisingizia kukagua klipu. Nilikuwa na kifuniko cha dumu mfukoni, chekundu, cha kuzungusha, kutoka soko la Majengo. Nikamkuta Mzee Eliakimu bandani, nikampa shikamoo, nikakiweka kwenye kiganja chake. Akakizungusha, akakitia mfukoni mwa koti kisubiri siku ya soko, akafunga kifungo. Nilipoondoka nilikuta mkungu wa ndizi umelazwa ndani ya buti ya gari nililokuja nalo, mkubwa kiasi kwamba magurudumu ya mbele yalikuwa yanagusa lami kwa hisani tu.

Miaka ilipita. Mzee Athumani alifariki, Mungu amrehemu, kofia yake ikiwa nyeupe. Mzee Eliakimu naye akafuata, wakamzika kihambani jirani na mwanawe. Miezi michache baada ya msiba ule stesheni wagon ya kijivu ikaingia gereji.

"Fundi," Mama Anande akasema, "sijui limepata nini. Siku hizi linakunywa mafuta kupita kiasi. Na halikuwa hivi kamwe."

Nilichukua geji, nikapunguza presha, nikaifunga kama nilivyofundishwa, nikaiegemeza nje ya kioo. Tukakaa ndani wawili, injini ikinguruma. Thelathini na sita.

"Gari ni zima, mama," nikasema. Kisha nikamwambia habari ya dumu la njano na siku za soko, na yale aliyoyasema mzee juu ya gunia. Sikuongeza kuku wala upepo.

Alikuwa anatazama mshale ule nje ya kioo. Baadaye akafungua mkoba wake, akapekua chini kabisa, akatoa kifuniko chekundu.

"Nilikikuta kwenye koti lake tulipokuwa tunagawa nguo. Nikajiuliza mzee anatembea na kifuniko cha nini."

Nikanyoosha mkono kuzima injini, akanizuia.

"Iache," akasema. "Iache inywe."

Geji bado ipo, imening'inia nyuma ya mlango wa stoo. Itumieni. Iwekeni nje.